Nyanya za Mama Mkwe Hazina Ukungu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi. Mimi na mama mkwe tunalima nyanya pamoja, yeye anatengeneza dawa ya ukungu na mimi napuliza kwa sababu mgongo wake haubebi bomba, na dawa yenyewe ni vitunguu saumu na majani ya mwarobaini, anatwanga, analoweka, anachuja kwa kitambaa, anatia sabuni kidogo ishike kwenye majani, nyumba inanuka hadi mume wangu anahamia barazani. Msimu uliopita ukungu ulitumaliza, basi safari hii niliogopa nikanunua dawa ya dukani, ya mama naimwaga nyuma ya choo, bomba najaza ile ya duka, na nyanya zimependeza, na mama anatembea kifua mbele akisema, "Wenzangu wana midomo, mimi nina mikono," sasa amealika majirani Jumamosi awafundishe, nikisema ukweli ataniona adui, nikinyamaza mashamba ya watu yataoza, na mama ana furaha kweli, kila asubuhi anachuma nyanya, anaifuta kwenye nguo, anakula palepale na wajukuu, anasema hizi hazina sumu. Nifanyeje?

Mkaza mwana

Mkaza mwana, pole kwa harufu. Pole yangu inaishia hapo.

Umemvika mama wa watu kilemba cha ukoka. Dawa yake hujaijaribu hata mara moja. Tunachojua ni kwamba nyuma ya choo hakuna ukungu. Dawa za majani husaidia zikipulizwa mapema, kabla madoa hayajatokea, na kurudiwa mvua ikinyesha. Ukungu ukishashika, majani yaliyooza huondolewa yakapelekwa mbali, hayapakwi saumu. Gaweni matuta, upande huu dawa yake, upande ule yako, na majirani waelezwe hivyo hivyo. Utaona aibu. Mficha uchi hazai.

Lakini Jumamosi ni mbali. Umeandika mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba bibi na wajukuu wanakula nyanya bila kuziosha. Pakiti ya dukani imeeleza siku za kungoja kabla ya kuchuma. Isome, kisha iweke mbele ya mama leo, useme mwenyewe. Atakasirika, na hasira ya mama mkwe huisha. Weka gazeti chini sasa. Huenda yuko shambani, anachagua iliyoiva.