Lipiko Kwenye Kiti cha Mbele

Mtanda, Lindi
4 Agosti 1997

Mpwa wangu Cletus,

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Mji huu haupangi jambo bila Faustino. Mkubwa wa hapa akitaka kupiga chafya hutuma mtu kuniuliza kama upepo unafaa. Mimi mzima, mke wangu Romana mzima. Kikohozi chako kimekuachia?

Sasa hasira. Hiyo ofisi yenu ya Dar, iliyokodiwa kutuandikia mpango wa sanaa na utamaduni wa mji "kwa maoni ya wananchi", imebandika rasimu sokoni. Nimeisoma mwenyewe, bila miwani. Uwanja wetu wa ngoma, tunapocheza mapiko, ngoma ya vinyago vya wazee wetu, tangu babu zako washuke kutoka uwanda wa Makonde, mmeuita "kiwanja kisichotumika". Kapewa Tawakali, yule mfanyabiashara, ajenge banda la video! Soko huria, wanasema. Huria ya nani? Mawe keshamwaga. Nikamwambia, "Tawakali, hapo unakanyaga wazee." Akanijibu, "Mzee Faustino, wazee nao watapenda Wachina wakirushiana mateke. Nitawapunguzia kiingilio." Nilimnyanyua kwa mkono mmoja mpaka viatu vikadondoka. Muulize yeyote.

Na chini mmeandika: "Kikundi cha Mtanda hakikutoa maoni." Mkono huo ni wako? Uwanja ukienda, vijana wakitoka jandoni watachezewa wapi? Barabarani, kama kuku? Futa.

Mimi mjomba wako,
Faustino

Dar es Salaam
15 Agosti 1997

Mjomba, shikamoo.

Kikohozi kimepoa, kazi inasukumwa. Mkono ni wangu, na nimeandika nilicholetewa. Hasira na mimi ninazo. Mwezi wa sita mliitwa ukumbini, mkapewa kiti cha mbele. Mwenyekiti wa mkutano akauliza mara tatu, "Kikundi cha Mtanda, mna la kusema?" Kimya. Wenzangu waliokuwepo wanasema kitini lilikaa lipiko! Kinyago kichwani, nguo mpaka vidoleni. Ofisi nzima inacheka. Mmoja amenichorea lipiko lililovaa tai. Nani alifikiri hilo, Mjomba?

Imebaki njia moja. Mtu aliyekuwemo ukumbini aandike pingamizi kwamba kikundi kilifika na hakikusikilizwa. Likitufikia kabla ya katikati ya Septemba, mkutano utaitishwa upya. Kama ulikuwemo, andika.

Mpwa wako,
Cletus

Mtanda
22 Agosti 1997

Cletus,

Marahaba, salamu nyingine baadaye. Unauliza nani alifikiri? Barua yenu ilisema, "Mwenye uwanja afike mwenyewe." Mwenye uwanja ule ni nani, mimi? Mimi mtunzaji. Mwenyewe ni lipiko. Tukawapelekea mwenyewe! Na lipiko halisemi, hata mtoto wa Mtanda anajua. Linaulizwa kwa ngoma, linajibu kwa miguu. Nyie wapigaji mkawazuia mlangoni, eti kelele, halafu mkaliuliza kwa kipaza sauti. Ndio kushirikisha wananchi huko?

Na pingamizi siandiki. Wewe umepita jandoni, sababu unaijua. Nikisema nilikuwemo, wanawake watauliza mbona hawakuniona. Aliyemo ndani ya lipiko hatajwi. Bora uwanja upotee... hapana, usipotee! Tafuta njia nyingine. Si umesoma wewe?

Mjomba wako,
Faustino

Dar es Salaam
27 Agosti 1997

Mjomba, shikamoo. Mimi sijambo. Njia nyingine hakuna. Barua isipofika, Tawakali anajenga, na jina langu litakuwa chini ya mpango huo maisha.

Mpwa wako,
Cletus

Mtanda
5 Oktoba 1997

Mpwa wangu Cletus,

Tu wazima, nawe Mungu akuweke. Pingamizi mlilipata, najua, na si langu. Nilikaa na karatasi mpaka ugali ukawa jiwe. Romana akaninyang'anya kalamu: "Wanaume mna siri, sisi tuna macho. Tulikuwa nyuma ya ukumbi siku ile." Akaandika yeye, wakatia saini na wenzake, Mwahija na Kidawa.

Jana mkutano wa pili. Romana kasimama, kaikataa hata maiki. "Wapigaji mliwafungia nje, halafu mkaandika hatukusema. Ukimziba mtu mdomo, utasema kanuna?" Mwenyekiti jasho. Ngoma zikaingia. Lipiko likajibu kwa miguu mpaka vumbi la dari likamwagikia rasimu yenu. Safari hii ndani alikuwamo nani, usiniulize. Uwanja umeandikwa uwanja wa ngoma. Tawakali anahamisha mawe yake, nami namsindikiza kwa matusi, bure.

Ila hasira hazijaisha, na sasa ni za humu ndani. Mwenyekiti aliuliza kwa nini mwezi wa sita lipiko halikutikisa hata kichwa. Romana akajibu, "Bila ngoma halitikisiki." Ukumbi ukaridhika, lakini wale wanawake wa nyuma wakaziba midomo kwa khanga. Nyumbani nikamkaripia: mnacheka nini mbele ya watu?

Akasema, "Aliyekuwa ndani sisi hatumjui, baba. Tunachojua, alikoroma kama wewe."

Mpwa, usimwambie mtu. Kinyago kile kina joto, na hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu. Hayo maswali matatu ya mwenyekiti nimeyajua kwa barua yako. Nilikuwa nimelala.

Mimi mjomba wako,
Faustino