Mtego Ndani ya Gemu

Jumanne, 3 Juni

Nimefagia, nimefuta padi zote za gemu kwa spiriti, nimewasha tivii mbili. Wateja bado. Nikaenda kukaa kwenye laptop. Kiti kimesogezwa. Mimi hukaa karibu na ukuta, kiti nimekikuta katikati. Na laptop ya moto kwa chini, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Funguo za chumba hiki tunazo wawili tu, mimi na Deo. Binamu yangu, mtoto wa shangazi. Chumba cha gemu tulikifungua pamoja, hapa Mpanda, nyuma ya stendi. Mwaka jana tukaanza kutengeneza gemu yetu wenyewe, ya mrina asali wa msitu wa Ugalla. Tukagombana. Sasa kila mtu ana yake. Mrina asali wangu, mrina asali wake.

Na kuna dada wa Dar anayetengeneza gemu za simu, anakuja kuziona. Ataondoka na moja. Moja tu.

Sijamuuliza Deo kuhusu kiti. Aendelee kuniona boya.

Jumatano, 4 Juni

Ugomvi wetu niuandike, maana kichwani unanichemka. Gemu tunazozipenda ni zile unazokuwa mtu fulani: unasafiri, unapigana, unapata nguvu kidogo kidogo. Mimi nimekulia kwenye za Kijapani. Shujaa ana jina lake, ana mama yake, ana majonzi yake. Mnapigana kwa zamu. Nimepiga, haya, piga na wewe. Hadithi inakushika mkono mpaka mwisho unalia. Deo ni mtu wa gemu za Wazungu. Unajichongea mtu wako mwenyewe, hadi pua unachagua, halafu unatupwa kwenye nchi kubwa. Nenda utakako. Iba, oa, ua. Watu watakukumbuka kwa uliyowatenda.

Yeye anasema za kwangu ni kuswagwa kama ng'ombe wa mnadani. Mimi nasema za kwake ni uzururaji.

Leo kaanza tena. Ati Wajapani wenyewe waliiga kwa Wamarekani, zile za kushuka mashimoni kuua mazimwi. Najua! Nilisoma kabla yake. Waliiga, wakazirahisisha, wakazitia machozi. Wazungu wakarudi kuchungulia, wakajifunza kumpa mchezaji wenzake wa safari na kisa cha kumliza. Wajapani nao wakachungulia tena, wakafungua nchi zao kubwa za kwenda utakako. Nikamwambia basi wote wezi. Deo akacheka.

Mbona alicheka vile?

Ijumaa, 6 Juni

Deo kaacha simu kwenye chaji, gemu yake iko wazi. Nimeangalia. Ndiyo, nimeangalia, simu ilikuwa imelala kifudifudi nikaigeuza.

Mrina asali wake kasimama. Chui kasimama. Wanangojana. Zamu! Deo huyu huyu aliyesema kupigana kwa zamu ni kama kukaa foleni ya zahanati. Na mrina asali ana mama sasa. Mama anakohoa. Mama wa kwenye gemu yangu anakohoa.

Aliporudi nikamrushia neno kiutani, kwamba chui wake naona kawa mstaarabu, siku hizi anasubiri. Akasema amechoka kukimbizana naye. Basi. Akachomoa simu, akaondoka akipiga mluzi.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Deo alikuwa kwenye kwaya, anaimba besi, uso wa malaika. Mnafiki mkubwa.

Mchana nimefanya kazi. Nikiosha vyombo limenijia wazo tamu: wanakijiji wamkumbuke mrina asali kwa aliyoyafanya. Akimdhulumu mjane mmoja asali yake, kijiji kizima kimnyime maji. Halafu ile njia moja ya msituni nimeifuta. Msitu uko wazi, mtu apite anapotaka. Imenoga! Mawazo mazuri yanakuja ukiwa na sabuni mikononi.

Haya ndiyo anayoyataka Deo. Lazima nimkamate.

Jumatatu, 9 Juni

Nimetega. Pasiwedi nimeiacha ileile tunayoijua wote wawili, maana mlango wa mtego haufungwi.

Nilitaka kitu cha uongo kabisa. Kitu ambacho hakipo duniani, kitoke kichwani mwangu peke yangu, ili kikionekana kwake asipate pa kujificha. Nimekipata. Kwenye gemu yangu sasa, kabla ya kupanda mti wenye mzinga, mrina asali anageuza panga na kugonga shina mara mbili kwa mpini. Anataja jina la babu yake. Anangoja. Asipofanya hivyo nyuki wanammaliza.

Nani anafanya ujinga huo? Watu wanawasha moshi wanapanda. Nimeubuni chap chap, wala sikuumiza kichwa.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna kitu. Kiti kiko ukutani. Laptop ya baridi.

Au keshajua?

Mteja kaniuliza mbona kila saa naangalia mlango. Shangazi kaniletea matembele, akaniuliza kama naumwa. Mama yake Deo huyo, na ananipenda. Sikuweza kumtazama usoni. Ningemwambia nini? Mwanao namchunguza?

Jumamosi, 14 Juni

Kanasa.

Kaja mwenyewe kunionyesha, mwenyewe! Njoo uone, binamu. Mrina asali wake kafika kwenye mti wa mninga. Kageuza panga. Kagonga, mara mbili, kwa mpini. Katamka jina la babu. Kangoja. Deo ananitazama anatabasamu, kama mtu aliyekuletea zawadi.

Nimesema nzuri. Nikaenda chooni nikajifungia, nikalia kwa hasira. Tumekula sahani moja tangu tunatambaa. Heri angeniibia tivii.

Jumanne, 17 Juni

Dada wa Dar alikuja. Mtu mpole, hana makuu. Akakaa kwenye benchi, akacheza ya Deo, akacheza yangu. Akarudi kwenye ya Deo. Halafu akauliza: "Samahani, hizi zote ni za mtu mmoja?"

Hapo nililipuka. Nilisema yote. Mbele yake, mbele ya wateja, mbele ya shangazi aliyekuwa kaleta chai. Mwizi, mwizi, mwizi. Nikaeleza kiti, nikaeleza mama anayekohoa, nikaeleza mtego wangu wa kugonga mti. Deo akainuka. Akatoa ufunguo wake mfukoni, akauweka mezani, akatoka.

Dada alisema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi, tumwambie wenyewe achukue ipi. Shangazi alibeba chupa yake ya chai. Hakuniaga.

Nimeshinda. Chakula nimekifunika.

Jumatano, 18 Juni

Deo hajaja. Nasikia anakwenda Usevya kulima mpunga na rafiki yake, chumba ananiachia. Afadhali.

Kimya kimezidi humu. Hakuna wa kuniambia nimeswagwa kama ng'ombe.

Jioni shangazi kaja mlangoni, hakuingia. Kasema mizinga ya babu haijarinwa mwaka huu. Vijana wanakwenda Ugalla Jumamosi, Deo ndiye atakayepanda. "Na wewe utakwenda kupika," akasema. "Kamwite mwizi huko huko, kwa baba yangu."

Baba yake ndiye babu yetu, alizikwa huko nikiwa mdogo. Nimeitikia ndiyo shangazi.

Jumamosi, 21 Juni

Naandikia kambini. Njia nzima Deo kapanda pikipiki nyingine. Nimepika ugali, kala amenipa mgongo.

Jua lilipopoa tukaenda kwenye miti. Mimi nimebeba ndoo. Nilimkazia macho Deo kama polisi. Kashika mwenge wa moshi mkono mmoja, panga mkono mwingine. Kafika kwenye mninga wa kwanza. Akaligeuza panga. Akagonga shina kwa mpini, mara mbili. Akasema, "Mzee Kasanda, ni sisi wajukuu." Akangoja. Kisha akapanda.

Hakuwa ananionyesha mimi. Hakuniangalia hata kidogo. Mti wa pili akafanya hivyo hivyo, na wa tatu, kama mtu anayebisha hodi kwao.

Nikaitua ndoo chini.

Kwenye moto nikamuuliza nani alimfundisha. Alinitazama kama nimelewa. "Si babu? Alitufundisha wote wawili, hapa hapa. Wewe ulikuwa unagonga kama unavunja mlango, akakunyang'anya fimbo, ukalia njia nzima."

Sikumbuki. Naapa sikumbuki kulia wala fimbo. Lakini nilipokuwa natafuta uongo wa kumnasa, mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye mpini wa panga.

Akaendelea mwenyewe, anachokonoa makaa. Kiti alisogeza yeye. Aliingia nikiwa sipo, akacheza gemu yangu. Si kuiba, alitaka kujua yule mama kama anapona. Alipofika mwisho alilia, akaona aibu kuniambia, maana angeonekana kashindwa ubishi. Zamu kachukua kwangu, hakatai. Kikohozi nacho, labda. Kisha akaniuliza kile kijiji changu alichokiona siku ya dada wa Dar, kinachokumbuka mtu kwa maovu yake, kimetoka wapi. Na msitu wa kupita popote je?

Nikasema nilibuni nikiosha vyombo.

Deo alicheka mpaka moshi ukampalia. Wenzetu wakageuka kuangalia. Nikamwomba radhi. Akakata sega, akanipa kipande kikubwa kuliko chake.

Jumanne, 24 Juni

Tumerudi Mpanda. Hajasema kama anakwenda Usevya au haendi. Mimi sijauliza. Ufunguo wake bado uko pale mezani alipouweka, sijaugusa, nafutia vumbi pembeni yake.

Shangazi kaniletea matembele. Ameingia ndani.

Yule dada anasubiri. Nikimpa yangu namdhulumu Deo, nikimpa ya Deo najidhulumu. Sasa hivi nikizitazama zote mbili, kuna mahali sijui nani alianza.

Roho yangu mbaya bado ipo. Asubuhi nilijikuta nawaza lile sega lilikuwa la kunilainisha. Nikajitukana.

Alhamisi, 26 Juni

Nilikwenda sokoni kununua mkaa na nyanya. Mlango sikuufunga, laptop niliiacha wazi, pasiwedi nimeitoa jana.

Nimerudi. Ufunguo haupo mezani. Kiti kiko katikati. Nikaweka mkaa chini, nikagusa laptop kwa chini. Ya moto.

Deo hayupo, labda kaenda kunywa chai kwa mama yake. Gemu yangu kaiacha imesimama. Kuna kitu kipya: wako wawili sasa, mrina asali wangu na wake, wamesimama chini ya mninga mmoja. Chui keshapiga. Zamu ni yangu.

Nimekaa hapo hapo katikati. Kiti sijakisogeza.