Nimeharibu Waifai ya Watu kwa Makusudi, Nipate Kurudi

Mshauri shikamoo, nisaidie lakini usinicheke, shule mimi niliishia njiani, nikikosea kuandika nivumilie, maana kwa mdomo ndiyo siwezi kabisa.

Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani, nilijifunza kwa kumwangalia bosi wangu, na miezi mitatu iliyopita alinituma peke yangu kwenye nyumba moja ndefu kama treni, mbele sebule, katikati korido, nyuma kabisa chumba cha kushonea, kuta nene, waifai ya sebuleni ikifika koridoni imeshakata roho. Wanaishi mzee mmoja na binti yake, huyo dada ni fundi cherehani. Nikafunga visahani vitatu vya kurushia waifai, sebuleni, koridoni na kule kwa dada, na bosi alinifundisha vyote unavipa jina moja na neno la siri moja, ili mtu akitembea simu ihame yenyewe bila yeye kujua. Mimi hilo nalijua, mshauri, nalijua vizuri.

Ila siku ile dada aliniwekea chai kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa, akawa ananisemesha huku anashona, mimi najibu ndiyo, hapana, ndiyo, akacheka akasema, "Leo nimeletewa Bwana Maneno," basi moyo wangu ukaenda huko, nikaona kazi inaisha jioni ile ile na sitakuwa na sababu ya kurudi, nikakipa kisahani cha chumba chake jina lingine na neno la siri lingine. Sasa simu ikiingia kule inang'ang'ania jina la kwanza mpaka pumzi ya mwisho, inakata, ndipo inatafuta la pili.

Wakaniita. Nikaenda, nikazima, nikawasha, nikanywa chai. Wakaniita tena. Nimeshaenda mara tano, ya mwisho dada akaniuliza, "Bwana Maneno, hii waifai ina mashetani au shetani ni wewe?" nikainamia waya.

Kumbe kuna na yule mzee, baba yake. Mwaka jana alipata kiharusi, daktari akamwambia atembee kila siku, nje anaogopa kuanguka, kwa hiyo anatembea humo ndani, sebuleni mpaka kwa binti yake na kurudi, simu mkononi, anaongea kwa waifai hiyo hiyo na mwanawe anayefanya kazi ng'ambo, maana bila maongezi hatembei. Siku hiyo ya mara ya tano niko juu ya kiti, mzee huyo anakuja anasimulia, anacheka, akavuka mlango, kimya. Akaitazama simu. Akasema, "Amenikatia tena."

Dada akamwambia, "Baba, ni mtandao huo."

"Mtandao gani unangoja mimi ninoge ndiyo ukate? Mwambie kaka yako kama hana muda na mimi aseme tu, nisimsumbue."

Tangu hapo simu za mwanawe hapokei, na kutembea ameacha. Dada anasema Jumamosi ataita fundi mwingine, "Usinune, Bwana Maneno, naongeza macho tu," na huyo fundi dakika moja nyingi ataona nilichofanya. Nirekebishe kimya kimya nijifanye imepona yenyewe, au niseme? Nikisema dada nimemkosa. Nisaidie.

Fundi wa visahani

*

Marahaba, mwanangu. Nilikukatalia ombi moja, nilicheka. Halafu nikafika kwa mzee, kicheko kikanikwama.

Umeniuliza kama utamkosa dada. Hukuniuliza mzee anamkosa nani. Baba wa watu ana mguu mzito na mwana wa mbali, na wewe kwa ajili ya kikombe cha chai umemfanya aamini huyo mwana amemchoka. Najua hukukusudia. Lakini ulikuwa juu ya kiti, ukaona kwa macho yako, ukashuka ukaenda nyumbani. Hapo nina ugomvi na wewe.

Usingoje Jumamosi, nenda kesho asubuhi. Kisahani kile kipe jina la wenzake na neno lao la siri. Cha koridoni kipunguze nguvu kidogo, simu ijue kuachia mapema. Nimemuuliza mpwa wangu, naye anafanya kazi kama yako. Kisha mpigie bosi wako kwa waifai hiyo, utembee nyumba nzima ukiongea. Ndiyo, kuongea, utazoea. Ukivuka mlango bila kukatika, kazi ya mikono imeisha.

Sasa ya mdomo. Usianze kwa dada. Nenda kwa mzee, kaa mbele yake, umwambie: "Mzee, mwanao hajakukatia simu hata siku moja. Niliyekata ni mimi." Maneno kumi, nimekuhesabia. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Usiondoke mpaka ampigie mwanawe.

Dada atakuwa anasikia, cherehani haina kelele kiasi hicho. Akikuuliza kwa nini ulifanya hivyo, mwambie kwa nini, bila mapambo. Mficha uchi hazai. Na ukitaka kurudi nyumba ile, omba kurudi kama mtu, acha kurudi kama hitilafu. Mimi nikimtazama msichana aliyemvumilia fundi mbovu mara tano nzima, na chai juu, napata mawazo yangu. Lakini mawazo yangu siyo ahadi, usiende nayo huko.

Akicheka, kaa. Akikuambia hataki kukuona tena, funga mkoba wako, aga kwa heshima, uondoke, na waifai uiache ikifanya kazi.