Profesa Wako na Debe Langu la Mchele

Mpwa wangu Neema,

Huku Mchombe tu wazima. Nimeona nikuandikie, maana Jumapili ulipopiga simu sikupata nafasi ya kusema yangu.

Mama yako aliweka spika, uani pakajaa watu. Ukaeleza mnavyotengeneza mawimbi ya maikrowevu huko chuoni, makali ya kuua kompyuta iliyo ndani ya nyumba huku ukuta umesimama vilevile. Elektroni zinatoka kwenye chuma kilichopashwa moto, sumaku inazizungusha, zinapita mbele ya vijishimo, vijishimo vinavuma. "Ni kama kupuliza mdomo wa chupa," ukasema. "Ndivyo profesa wangu anavyotufundisha."

Profesa, Neema?

Unakumbuka tulivyokuwa juu ya dungu, tukiamia ndege shambani wasile mpunga? Nani alikupa chupa ya soda akakwambia puliza kwa upande? Ulipuliza hadi mashavu yakauma. Mimi nilipopuliza yangu, ndege wote wa mpunga walihamia kijiji cha Mbingu, na ng'ombe wa Wasukuma ng'ambo ya mto wakaacha kunywa maji. Ukaniuliza, "Mjomba, kwa nini inalia?" Nikakwambia upepo umenaswa ndani, unakwenda na kurudi ukitafuta njia. Niliishia darasa la saba, lakini hilo nililijua.

Basi Jumapili roho iliniuma. Nikasema kwa sauti, ili na wewe usikie, kwamba hakuna wimbi linalopita kwenye chuma. Nikatumbukiza simu yangu ndani ya debe la mchele, nikafunika. "Shemeji, hebu nipigie." Baba yako akapiga. Debe likaita mbele ya watu wote.

"Mzee, pokea," jirani akasema. "Mchele wako unatafutwa."

Na wewe ulicheka, nilikusikia. Ukasema mfuniko haujabana, mawimbi hupenya penye ufa mrefu, au hudandia waya unaoingia ndani. Halafu ukaongeza, "Profesa alituonyesha kwa sanduku la chuma." Watu wakaitikia eeh, huyo profesa kiboko. Tangu siku hiyo nikipita njiani naulizwa hali ya debe. Nimewajibu kwamba nilijua litaita, nilikuwa nakupima wewe. Usinikanushe.

Huyo profesa simjui na sina ubaya naye. Amekukuta umeshajua kuuliza, basi. Ila kila ukimtaja, mimi naondoka uani kama naenda kufunga mbuzi, na mbuzi sina.

Sikuombi umtajie jina langu. Namba yangu ni ileile. Siku moja piga kwangu kwanza, kabla ya kwa mama yako. Mimi spika siweki. Uniulize kitu. Chochote, hata kile unachokijua.

Kaa salama huko, ule vizuri.

Ni mimi, mjomba wako, ndugu wa mama yako