Boksi la Baiskeli

Kaka yangu mpendwa,

Leo mwalimu mkuu amenikasirisha sana. Wa kumwambia ni wewe tu, ingawa sijui walikokuweka.

Unakumbuka tulivyozunguka maduka ya Nakivubo tukiomba maboksi matupu ya sabuni? Sabuni yenyewe ilikuwa imeadimika, wenye maduka wakatucheka. Uliyapanga ukutani kwenye darasa lako la kwanza, na kwa kuwa watoto walikuwa hawajajua kusoma, kila boksi ukalichora picha: samaki, ufunguo, kuku. Kabla ya kengele kila mtoto alitia karatasi zake kwenye picha yake. Nilikutania kwamba umefungua posta. Mtoto asipofika, karatasi ya siku hiyo ulimwekea vilevile, ukisema, "Hakuja leo. Hajaacha shule."

Siku wanajeshi walipokuja kukuchukua, watoto walikuwa wanapanga karatasi. Uliwaambia, "Malizeni kwanza," kisha ukatoka nao wale wenye bunduki, chaki bado mkononi.

Tangu hapo darasa lako nalifundisha mimi. Haukupita muda, yule binti wa polisi mwenye boksi la samaki akaniuliza, "Mwalimu, boksi ya mwalimu iko wapi? Yeye pia hapana kuja."

Tukatafuta boksi, akalichora baiskeli yako uliyokuwa ukija nayo shuleni, na kila siku watoto wanakuwekea karatasi moja uje usahihishe.

Leo mwalimu mkuu ameliona. Mtu uliyekunywa naye chai miaka yote hiyo! "Toa hii kitu," akasema mbele ya watoto. "Ndugu yako aliacha kazi. Hivyo ndiyo tumeandika."

Eti umeacha kazi! Ulichukuliwa mchana kweupe, naye akichungulia kwenye dirisha la ofisi yake! Najua anaogopa. Hata mimi naogopa, usiku nikisikia gari nje nazima taa. Basi angenyamaza. Nani alimtuma akuzulie uongo?

Kabla sijafungua mdomo, yule binti alisimama. "Hapana, Mwalimu. Yeye hakuja leo tu. Hajaacha."

Mwalimu mkuu alitazama sakafu, akaondoka. Boksi likabaki pale pale.

Ila limejaa, Kaka. Kesho naenda Nakivubo kukuombea jingine.

Ni mimi, mdogo wako, niliye darasani mwako.