Waya Mwekundu wa Mkono wa Kulia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko. Mwanao ndiye fundi umeme wa magari anayetegemewa Kizota nzima, na atakayekuambia vinginevyo ana wivu. Shule niliiacha njiani, lakini hakuna gari lililowahi kunishinda.

Jumatatu kifua kilinibana, nikaenda hospitali. Nesi akanilaza kwa kipimo cha umeme wa moyo, akanibandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, kisha akatoka kufuata karatasi ya mashine. Nikatazama: waya mwekundu uko mkono wa kulia, wa njano kushoto. Nikajisemea, huyu binti kakosea. Mwekundu ndio wenye moto, na moyo uko kushoto. Nikazibadilisha, nikalala kimya kama malaika.

Nesi akarudi, akapima, na daktari akaikodolea macho karatasi ya majibu.

"Mzee, umeme wa moyo hushuka kutoka juu kulia kuelekea kushoto. Mwelekeo huo tunauita mhimili. Wako umegeukia kulia. Mapafu yako yana shida?"

Mimi, bingwa, nikiri nimeharibu kipimo? Nikataka kunyamaza.

Ndipo nikakukumbuka Kongwa, tuking'oa karanga. Ulikaa ghafla kwenye tuta, jasho jingi, mkono kifuani.

"Gesi tu hii, mwanangu. Maliza mstari wako."

Nikaumaliza, Baba. Niliporudi ulikuwa umelala ubavu. Nikadhani umepumzika, nikakufunika uso kwa kofia yako, jua lisikuchome.

Nikamwambia daktari, "Nyaya nilizigeuza mimi."

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. "Fundi, nikija gereji kwako niguse betri?"

"Gusa, nikuajiri."

Wakarudia. Mhimili ukarudi upande wake, tena ukapitiliza: umelala kushoto kuliko kawaida, na safari hii sijagusa kitu. Daktari anasema hiyo peke yake si ugonjwa, ila huenda presha ya siku nyingi imenenepesha ukuta wa moyo. Ijumaa watanipiga picha ya moyo ndipo tujue.

Naogopa, Baba. Nikiinama kwenye injini nasikiliza kifua changu badala yake. Nimemwambia mama watoto, nimewaambia vijana wa gereji, hata wateja. Neno gesi nimelipiga marufuku nyumbani kwangu.

Lala salama. Kofia yako ninayo bado. Ijumaa nitaivaa, na mama watoto atanishika mkono.

Kifungua mimba wako