Spika za Kwaya Kutoka Iringa

Jumanne, 4 Juni

Baridi imebana Uyole. Wateja wachache, nimefunga mapema. Mchele wa Rujewa umepanda tena, na kila mama anayepita mezani kwangu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepandisha.

Nimekula, nimekaa na simu. Ndiyo kazi ya kila jioni sasa: kutafuta mtandaoni spika na mixa zilizotumika. Kwaya yetu ya kanisani imenipa kazi hii kwa sababu, wanasema, mimi sidanganyiki. Ni kweli. Mtu wa mchele hanunui gunia kwa kutazama mdomo wake. Anachoma bambo, kile chuma chenye mfereji, hadi katikati ya gunia, anatoa punje, anatafuna.

Mtandaoni huna pa kuchoma bambo. Leo nimewakata wawili. Wa kwanza, picha yake ileile nimeiona kwenye matangazo mengine, kila tangazo na mji wake. Wa pili anataka nusu ya hela leo "asije akampa mwingine". Mpe tu huyo mwingine, kaka.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata tangazo la Iringa. Mzee Jayanti. Alikuwa na ukumbi wa harusi, sasa anaufunga na kuuza vyombo. Picha zake zina vumbi. Nimelipenda hilo vumbi, maana tapeli huweka picha za dukani.

Nimempigia. Anakohoa, anaongea taratibu. Ana seti mbili: moja nzima, moja imekufa, ya kuchukua vipuri tu. Seti nzima bei yake ni karibu yote tuliyonayo. Nikaomba apunguze. Akasema, "Mama, njoo usikilize kwanza. Ukishasikia ndipo tuongee bei." Sijawahi kuona muuzaji asiye na haraka hivyo. Ikanitia wasiwasi zaidi.

Mwenyekiti wetu naye kaguna. Anasema wafanyabiashara wakubwa kama yule watakuzungusha mpaka uwashukuru. Mimi simjui huyo mzee, basi. Na sheria yangu ni hii: usiyemjua hapewi hela kabla mali haijaonwa. Siwezi kuacha meza nikaenda Iringa. Lazima nitume macho ya mtu.

Ninayemtuma ninamjua. Festo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetoka mazoezini. Nimempigia Festo, kakubali kabla sijamaliza kueleza.

Kwaya ikitembelea kwaya nyingine huku kwetu, wageni hawalali gesti. Wanagawiwa majumbani. Ukishalala kwa watu na kula ugali wao, mama wa nyumba ni mama yako, wanawe ni ndugu zako, na siku wakija kwenu kitanda chako ni chao. Mwaka jana Iringa mimi niligawiwa kwa Mama Festo, mlezi wa kwaya yao. Alinichemshia maji ya kuoga kila asubuhi. Nilipopata homa alinifunika blanketi lake, yeye akalala na shuka. Festo ni mwanawe, fundi mitambo wa kwaya yao. Tangu hapo ananiita dada, na Jumapili haipiti bila kunipigia.

Leo kasema, "Dada, niachie mimi hiyo. Ila usimpigie tena huyo mzee. Akijua mnunuzi yuko mbali, tena kwaya, atakaza bei." Nimeona ana akili. Hata mimi mteja wa mbali simpunguzii.

Jumatano, 12 Juni

Festo kanitumia video. Spika mbili juu ya stuli, mixa mezani, taa zinawaka, na wimbo unaopigwa ni wetu, ule tuliowafundisha mwaka jana! Besi inagonga hadi simu inatetemeka mkononi. Nyuma yake nikaliona pazia la sebuleni kwa mama, lile la maua mekundu. Machozi yakanilenga. Nikaikumbuka ile sebule, uji wa ulezi, mama akiniimbia nikiwa na homa.

Nimeonyesha kwaya nzima. Wamama wamepiga vigelegele. Hela hii wameipata kwa kibarua cha kuvuna viazi vya watu, mikono imewapasuka. Mtunza hazina kauliza kwa nini hela apewe Festo na si muuzaji. Nikamjibu kwa ukali kwamba ndiyo usalama wenyewe: Festo ni wetu, muuzaji si wetu.

Nimetuma hela yote.

Jumamosi, 15 Juni

Mzigo umefika na basi. Kijana wa mkokoteni kauinua kama debe tupu. Nikaona, nikamlipa tu.

Tumefungua kanisani, watu wote wapo, kuna aliyeleta hata soda. Mixa inawaka taa, sauti haitoki. Spika ya kwanza kimya. Ya pili inakoroma. Fundi wa mtaani kafungua skrubu: koni imechanika na kubandikwa gundi, twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hakuna, pale ilipokuwa pana tundu na utando wa buibui.

Soda zimerudi dukani.

Jumapili, 16 Juni

Festo kapokea simu mara moja tu. Anasema labda ni mtikisiko wa basi. Buibui naye kapanda basi?

Nilimwambia aende kwa yule mzee akadai. Kasema ataenda. Leo ni Jumapili na hakunipigia, mimi ndiye niliyempigia.

Bado namtetea. Nimemwambia mwenyekiti kwamba mzee lazima kabadilisha mzigo wakati wa kufunga. Namchukia yule mzee na kikohozi chake. Nimelala na hasira, nimeamka nazo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeangalia tena video. Mara nyingi. Spika za kwenye video zina vishikio pembeni. Zilizokuja hazina vishikio.

Halafu lile pazia. Kama vyombo ni vya mzee Jayanti, na hela nilikuwa bado sijaituma, vilifikaje sebuleni kwa mama? Jumatano nililia kwa ajili ya lile pazia badala ya kuuliza swali hilo. Na vile vishikio navijua. Mwaka jana nilishika kimoja nikisaidia kubeba. Ni spika za kwaya yao, zinatunzwa nyumbani kwa Festo.

Nimempigia mzee Jayanti, nikiwa nimejiandaa kumtukana. Kasikiliza, kakohoa, kasema: "Kijana alichukua ile seti mbovu. Nilimwambia haifai. Akasema anataka mbao na sumaku tu. Alinipa hela ndogo sana, mama. Ile nzima ipo hapa, nimeifunika." Kanitumia picha yake ikiwa imefunikwa shuka. Mtu sikumwomba hata picha.

Nikakaa chini kati ya magunia. Kuibiwa na mwizi ni jambo la kawaida, sokoni tunaibiwa. Huyu alinipokea mzigo stendi. Huyu alinikimbilia dawa ya homa.

Alhamisi, 20 Juni

Festo kanifungia. Simu haiingii, ujumbe haufiki. Nimetumia simu ya jirani, kaisikia sauti yangu, kakata.

Nina hasira za kuvunja vyombo, ila vyombo vimeshavunjika.

Jumapili, 23 Juni

Kikao baada ya ibada. Nimeeleza yote, vishikio, pazia, mzee. Mwenyekiti katazama sakafu. Mama Neema, aliyevuna viazi vya watu akiwa na ujauzito, kasimama na kusema taratibu, "Festo ni kaka yako, si kaka yetu. Mmegawana."

Naelewa kwa nini anasema hivyo. Mimi ndiye niliyesema Festo ni wetu. Mimi ndiye niliyemkemea mtunza hazina. Ningekuwa mimi Mama Neema, ningesema hivyohivyo, tena kwa sauti.

Wamechukua ufunguo wa chumba cha vyombo. Hela inaweza kurudi, viazi huota kila mwaka. Jina langu sijui litarudi kwa njia gani.

Kila anayekuja mezani ananiambia kikulacho ki nguoni mwako. Najua, jamani. Nunueni mchele.

Jumanne, 2 Julai

Kwaya ya Iringa inakuja Jumamosi, kurudisha ziara yetu. Ilipangwa tangu mwaka jana. Nilitaka tuwaandikie wasije. Mwenyekiti kakataa, anasema mgeni hafukuziwi njiani, na kosa la mmoja lisiaibishe kwaya nzima. Kaniamuru ninyamaze mpaka waondoke.

Festo haji. Wanasema kapata kibarua Mgololo. Anayekuja ni mama yake, mlezi wa kwaya. Nani kagawiwa kumlaza? Mimi, bila shaka. Niliyelala kwake.

Namchukia mwanawe na nimemtandikia mama shuka mpya. Sijui nitamtazamaje. Labda alijua. Video ilipigwa sebuleni kwake, atakosaje kujua? Nikifikiria hilo, moyo unakuwa mgumu kama mchele wa jana.

Jumamosi, 6 Julai

Wamefika na nyimbo, vumbi na kapu la ulezi. Mama Festo kashuka wa mwisho, kanikumbatia mbele ya watu wote, kanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu! Umekonda." Mama Neema alikuwa anatuangalia.

Nyumbani kala, kavua viatu, kaniomba maji ya kuweka miguu. Kauliza habari za soko. Nilikuwa nikijibu neno mojamoja. Nilikuwa namchunguza usoni, natafuta uongo, kama ninavyotafuta chuya kwenye ungo. Sikuuona.

Kisha kasema, kwa furaha kabisa, miguu ikiwa kwenye beseni: "Festo aliniambia kawatafutia vyombo vizuri. Kesho mniwashie nisikie kazi ya mwanangu."

Mwenyekiti alisema ninyamaze. Ningeweza kusema umeme unasumbua. Nimemwambia. Yote, bila kupunguza. Nilitaka limuume mtu mwingine zaidi yangu, nakiri hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Hakubisha. Kaomba aione video. Kaishika simu mbali na macho, kama wanavyofanya wazee, kaangalia mpaka mwisho. Wimbo wetu ukapigwa pale chumbani.

Kasema, "Hii nimepiga mimi."

Sikuelewa. Kasema tena. Festo alimpa simu aishike, akamwonyesha pa kubonyeza, akamwambia tunawatumia salamu watu wa Uyole, tuwaonyeshe wimbo wao bado tunaupiga. Mama akachagua mwenyewe pa kusimama ili lile pazia lionekane. "Nilijua utalikumbuka," kasema.

Maji ya miguu yalipoa, hakuitoa miguu. Nikaenda kuchemsha mengine.

Jumapili, 7 Julai

Nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo. Nikadhani kaondoka. Kumbe kaenda kwa mwenyekiti peke yake, kwa kuuliza njia.

Sijui alisema nini huko. Kabla ya ibada mwenyekiti kanifuata, kanishika mkono muda mrefu na hakuweza kunitazama. Kanipa ufunguo wa chumba cha vyombo, ambamo hakuna chombo. Mama Neema kaja kukaa benchi langu. Hakuomba radhi, kanisogezea tu kitabu cha nyimbo.

Wageni wameimba bila spika, sisi pia. Mama Festo hakuimba. Alikaa kiti cha mlezi, kitenge kimefungwa vizuri, macho mbele. Wageni wakajua kuna jambo, hawakuuliza.

Nilifikiri siku nitakayosafishwa nitacheka. Nilitaka kulia ibada nzima.

Jumatatu, 8 Julai

Wameondoka asubuhi. Nimemfungia mama mchele, kaukataa, nikauingiza kwenye kapu kwa nguvu. Hakuniambia nimsamehe Festo. Niliogopa ataniambia. Kasema tu atanipigia akifika.

Mchana ujumbe umeingia, namba ya Festo. Kanifungulia. Wiki zote hizi neno hakuna, leo: "Dada, kwa nini umemwambia mama? Tungemalizana wenyewe."

Hakuna samahani. Nimesoma nikiwa nimesimama uani. Nimetafuta ndani yangu kile kitu nilichokuwa nakisikia akiniita dada, sikukipata.

Sikumjibu. Mama kapiga jioni, kafika salama, yuko jikoni anachemsha maji. Sote wawili hatukumtaja Festo. Nimefua shuka zake nikaanika. Kesho nafungua meza mapema.